Ujerumani: Rubani wa ndege ndogo anapoambiwa athibitishe kwamba yeye si mutu wa hatari

Siku ya Mungu, tarehe 5 mwezi wa kwanza 2003, wakaaji wa mji wa Frankfurt, Ujerumani, waliona ndege moja ndogo inazunguka juu ya majumba marefu ya mabenki. Ilikuwa ndege ya watu wawili, ya mabawa marefu na injini moja, ya kujifurahisha tu. Aliyeiendesha alikuwa ameiiba kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji, kwa kutisha watu na bastola. Kwenye redio ya ndege alisema ataigonga kwenye jumba la Benki Kuu ya Ulaya.

Watu wakaondolewa katikati ya mji. Uwanja mkubwa wa ndege wa Frankfurt ukasimamisha kazi. Ndege za kivita zikapaa. Kisha karibu saa mbili, yule bwana akatua salama na akakamatwa. Hakuna aliyekufa. Ikajulikana kwamba hakuwa na kundi wala siasa: alikuwa mutu mwenye shida ya akili, aliyetaka dunia imukumbuke mwanaanga Mmarekani Judith Resnik, aliyekufa katika chombo Challenger mwaka wa 1986.

Kutoka hapo, mambo ya ndege ndogo Ujerumani hayakubaki vile yalivyokuwa. Tarehe 15 mwezi wa kwanza 2005, sheria mpya ya usalama wa anga ikaanza kazi. Ndani yake, mutu mwenye leseni ya kuendesha ndege yake ya siku za mapumziko analazimishwa kuchunguzwa na idara za usalama, sawa vile mufanyakazi wa ndani ya uwanja mkubwa wa ndege. Wajerumani wanauita «ukaguzi wa uaminifu». Zaidi ya miaka 20 imepita, na ubishi juu yake haujaisha. Swali lenyewe linaeleweka kwa urahisi na mutu yeyote wa Kivu, Ituri, Maniema ao Tanganyika aliyekwisha kusimama mbele ya barieri: nani anapashwa kuthibitisha? Leta inayoshuku, ao raia anayeshukiwa?

Ukaguzi wenyewe unafanyika namna gani

Rubani mwenyewe njo anapashwa kuandika barua ya kuomba achunguzwe, na kulipa gharama. Asipoomba, hapati leseni. Na ile aliyo nayo inaweza kufutwa. Biro ya usalama wa anga ya jimbo lake inauliza polisi na idara ya upelelezi wa ndani kama wana kitu juu yake. Inaangalia pia rejista ya taifa ya hukumu za tribinali. Kama ni mugeni, inaangalia rejista ya wageni. Ikiona lazima, inaweza kuuliza idara ya ujasusi wa inje, ujasusi wa jeshi, na hata wale wanaotunza dosye za zamani za Stasi, polisi ya siri ya Ujerumani ya Mashariki.

Jibu likiwa zuri, linatumika miaka mitano, kisha anaanza upya. Lakini katikati ya ile miaka mitano dosye haifungwi kabisa: idara ikipata habari mpya juu yake, inapashwa kuijulisha biro. Tangu mabadiliko ya mwaka wa 2017, sheria inasema wazi baadhi ya mambo yanayomwondolea mutu uaminifu. Kwa mfano, aliyehukumiwa kwa kosa la makusudi kulipa faini ya siku 60 ao zaidi za mapato yake, kwa kawaida anakosa uaminifu kwa muda wa miaka mitano. Kosa lenyewe si lazima liwe la ndege wala la silaha. Linaweza kuwa la udanganyifu wa kodi.

Sheria inamupa rubani haki fulani pia. Mbele ya kukataliwa, anapashwa kuambiwa na kupewa nafasi ya kujieleza, isipokuwa pale ambapo siri za idara zinakatazwa kutolewa. Anaweza kwenda tribinali. Na habari zake zinapashwa kufutwa kisha muda uliopangwa. Mambo haya ni ya kuwekwa kwenye mizani, maana inchi nyingi hazitoi hata nusu yake.

Wanaokataa wanasema nini

Si kweli kwamba marubani wanaopinga wanataka anga isiyo na sheria. Mutu anayejifunza kuendesha ndege anazoea kupimwa: daktari anamupima macho na moyo, mwalimu anamupima mikononi, mitihani iko mingi, na ndege yenyewe inakaguliwa. Chama cha wenye ndege na marubani cha Ujerumani, AOPA-Germany, kimepinga hii sheria miaka na miaka, na hoja zinazorudi kila mara zinaweza kupangwa katika mafungu manne.

Hoja ya kwanza: huu ukaguzi haungezuia tukio lililouzaa. Ile ndege ya Frankfurt iliibiwa na bastola. Mwizi haombi leseni, na mutu anayeshika bastola haendi kwanza biro kuuliza kama dosye yake iko safi.

Hoja ya pili ni ya uzito. Cessna 172, ndege ndogo iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote duniani, ikijazwa watu na mafuta inafika karibu kilo 1,100, sawa na gari dogo. Tarehe 14 mwezi wa saba 2016, mutu mumoja aliingiza kamyo ya tani 19 katikati ya watu mjini Nice, Ufaransa, na kuua watu 86. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule ule, kamyo ingine iliua watu kwenye soko la Noeli mjini Berlin. Hata hivyo, mutu wa kawaida anayetaka leseni ya kamyo haulizwi kwa majasusi. Marubani wanasema: kama kipimo ni hatari, basi pimeni hatari, musipime woga wa watu wanaotazama juu.

Hoja ya tatu: mwenye nia mbaya anaweza kuwa na karatasi safi. Tarehe 18 mwezi wa pili 2010, mjini Austin, Marekani, mutu mwenye leseni halali na ndege yake mwenyewe aliigonga kwenye jengo la watu wa kodi, akajiua na kuua mufanyakazi mumoja. Hasira yake ilikuwa ya kodi. Mwezi wa nane 2018, mufanyakazi wa uwanja wa ndege wa Seattle, aliyekuwa amepita ukaguzi wote wa kazi yake, aliiba ndege kubwa ya abiria ikiwa tupu, akaruka nayo na kufa peke yake. Na Wajerumani wenyewe wana kidonda kikubwa zaidi: tarehe 24 mwezi wa tatu 2015, rubani musaidizi wa kampuni Germanwings alijifungia katika chumba cha kuendeshea na kuangusha ndege kwenye milima ya Alpi ya Ufaransa. Watu 150 walikufa, yeye akiwa ndani. Yule alikuwa rubani wa kampuni kubwa. Shida yake ilikuwa kwenye makaratasi ya daktari aliyoyaficha. Kisha lile janga, Ulaya ilipanga pimo ya akili kwa marubani wa makampuni mbele ya kuanza kazi, pamoja na mipango ya kumusaidia rubani mwenye shida aseme bila kuogopa. Maana yake, walitafuta dawa kwenye ugonjwa wenyewe.

Hoja ya nne njo ya ndani zaidi. Katika tribinali ya kawaida, leta inapashwa kuonyesha kwamba mutu ana kosa; ikishindwa, mutu anarudi nyumbani. Katika huu ukaguzi, shaka inatosha. Matribinali ya Ujerumani yamekubali kwamba hata shaka kidogo inaweza kumukosesha mutu uaminifu, kwa sababu jambo linalolindwa ni uhai wa watu wengi. Kwa hiyo si leta inayothibitisha kwamba rubani ni mubaya. Ni rubani anayepashwa kuondoa shaka ambayo, wakati mwingine, haoni vizuri imetoka wapi.

Hapo historia ya Ujerumani inaingia. Mwaka wa 1989, Stasi ilikuwa na wafanyakazi karibu 90,000 na raia zaidi ya 170,000 waliokuwa wanapeleka habari za jirani, za rafiki, hata za bwana ao bibi wa nyumba. Watu waliokaa chini ya ule utawala wanajua kwamba dosye inaweza kuandikwa na mutu mwenye wivu, na kwamba neno likiisha kuingia kwenye karatasi ya leta, kulitoa iko ngumu. Ndiyo maana maneno «kama hauna kitu cha kuficha, unaogopa nini?» hayawatulizi.

Leta nayo ina sababu

Ingekuwa rahisi kusema kwamba sheria ilitoka kwa woga tu. Lakini Ujerumani ina sababu yake. Watatu kati ya marubani wane wa mashambulizi ya tarehe 11 mwezi wa tisa 2001 waliishi mjini Hamburg kama wanafunzi: Mohamed Atta, Marwan al-Shehhi na Ziad Jarrah. Na hawakuanza na ndege kubwa. Walijifunza kwanza kwenye ndege ndogo, katika shule za kawaida za Florida. Kwa wakubwa wa usalama, hii njo hoja nzito kuliko zote: ndege ndogo ni mulango wa kuingilia kwenye ile kubwa. Kuchunguza kwenye mulango ni bora kuliko kungojea mutu afike kwenye ndege ya abiria 200.

Wanaongeza kwamba ukaguzi si unabii. Hauwezi kusema nani atafanya nini kesho. Kazi yake ni kuondoa wale ambao tayari wanajulikana: aliye katika kundi la silaha, ao aliyehukumiwa kwa kutesa watu. Kama unazuia mumoja tu katika miaka mingi, wanasema, gharama ya makaratasi ya wengine inavumilika.

Marubani wanajibu kwa mufano wa mwaka ule ule wa 2001. Mwezi wa nane, karibu wiki ine mbele ya mashambulizi, walimu wa shule moja ya marubani Minnesota walishangaa juu ya mwanafunzi Zacarias Moussaoui. Alitaka kujifunza ndege kubwa ya abiria, na uzoefu wake ulikuwa kidogo sana. Wakapigia FBI simu, na tarehe 16 akakamatwa kwa shida ya visa. Aliyemugundua hakuwa rejista. Alikuwa mwalimu aliyekaa naye. Juu ya hiyo, mwaka wa 2002 chama cha marubani cha Marekani kilianzisha na leta mupango wa kulinda viwanja vidogo: watu wa pale wanajuana, wanafunga ndege kwa kufuli, na wana namba ya kupiga wakiona jambo la ajabu. Marekani iliamua pia kuchunguza wageni mbele ya kuanza masomo ya urubani. Australia, kwa upande wake, ilichagua njia ya karibu na ya Ujerumani: rubani anayetaka kuingia sehemu zinazolindwa za viwanja vya ndege anapashwa kuwa na kadi ya usalama inayorudiwa kila miaka miwili, na marubani wa kule nao wanalalamika juu ya bei na marudio.

Tribinali zilisema nini

Ile sheria ya 2005 ilikuwa na shida toka mwanzo. Rais Horst Köhler aliitia sahihi akisema wazi kwamba ana mashaka kama inakubaliana na Katiba. Tarehe 15 mwezi wa pili 2006, Korti ya Katiba ilifuta kifungu kilichokuwa kinaruhusu jeshi kuangusha ndege ya abiria iliyotekwa. Majaji walisema leta haiwezi kuua watu wasio na kosa ili kuokoa wengine, maana mutu si kitu cha kuhesabiwa.

Marubani wa ndege ndogo wakapata matumaini. Wamoja walikataa kuomba ukaguzi na wakaenda kwa majaji. Tribinali ya mambo ya utawala ya Darmstadt ikaona shida katika namna sheria ilivyopitishwa, ikapeleka swali kwa Korti ya Katiba. Jibu likatoka tarehe 4 mwezi wa tano 2010: ukaguzi wa marubani binafsi unakubaliana na Katiba. Marubani wakashindwa.

Lakini kushindwa kwenye tribinali hakumaanishi kwamba swali limekufa. Leseni za marubani siku hizi zinafuata kanuni moja ya Umoja wa Ulaya, na rubani mwenye leseni ya inchi jirani anaweza kuruka katika anga ya Ujerumani. Wajerumani wamoja walihamisha leseni zao Austria. Hapo shida inaonekana kwa macho: kwenye kiwanja kimoja, ndege mbili za namna moja zimesimama pamoja, rubani mumoja amechunguzwa na majasusi, mwingine hapana, na wote wawili wanaruka juu ya mji ule ule. Ukuta wenye upande mumoja tu unawachokesha wenye kufuata sheria, na unamuacha apite yule anayejua kuzunguka.

Na huku mashariki?

Huku mashariki mwa Congo, ndege ndogo si mchezo wa siku ya Mungu. Kwenda Shabunda, Punia ao pembe nyingi za Walikale, ndege njo barabara: inabeba mugonjwa, chanjo, mushahara, chumvi, na kurudi na bidhaa za kule. Woga wa huku ni wa namna ingine pia. Watu wanajiuliza zaidi kama ndege imejazwa kupita kipimo, kama injini imeangaliwa, kama kiwanja hakina matope. Tangu mwaka wa 2006 makampuni ya ndege ya Congo yamewekwa kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya yale yanayokatazwa kuruka kule, na sababu ilikuwa udhaifu wa uangalizi wa kiufundi. Haikuwa dosye za marubani.

Hata hivyo, ubishi wa Wajerumani unafika mpaka huku, maana ukaguzi wa raia ni jambo la kila siku. Motari anaombwa makaratasi. Mwanafunzi anaombwa hati ya mwenendo mwema. Mutu anayehama kutoka eneo moja kwenda lingine anaulizwa: unatoka wapi, unajua nani, wewe ni wa kabila gani. Kila mara anaambiwa ni juu ya usalama. Na kila mutu wa huku anajua kwamba usalama unahitajiwa kweli: kuna vijiji vilivyoona adui akipita kati ya watu sawa jirani.

Kwa hiyo kukataa kila ukaguzi si jibu, na kukubali kila ukaguzi pia si jibu. Ule ubishi wa marubani unaacha maswali machache ambayo raia anaweza kuyauliza mbele ya sheria yoyote ya namna hii. Je, ukaguzi ungezuia lile jambo ulilotungiwa? Kipimo chake kinawagusa wote wenye hatari sawa, ao wale tu walio rahisi kukamatwa? Mutu akishukiwa, anaambiwa anashukiwa juu ya nini? Anaweza kwenda kwa jaji asiyekuwa chini ya ile idara iliyomushuku? Na ile dosye, iko siku itafutwa?

Kwa maswali mawili ya kwanza, sheria ya Ujerumani inajibu vibaya. Kwa matatu ya mwisho, inajibu vizuri kiasi, na ndiyo maana marubani walioshindwa mwaka wa 2010 walirudi nyumbani kwao, si gerezani, na wanaendelea kuipinga kwa sauti. Kwa inchi ambako mutu anaweza kuwekwa ndani juu ya neno la jirani bila kuonyeshwa karatasi yoyote, pengine ile sehemu ya pili njo ya kuanza nayo. Mutu mwenye kushukiwa akiwa na pahali pa kujibu, ukaguzi unaweza kuvumilika. Asipokuwa nayo, hata karatasi ndogo ya barieri inaweza kuwa hukumu.